Kijana Aliyeacha Mshahara

Wasomaji wetu wa Rusimbi hawatashangaa tukianza na habari ambayo wengi wao wamekwisha kuisikia barazani. Kijana mmoja wa mtaa huo, mtoto wa mzee aliyestaafu kazi ya reli, alipata kazi katika ghala la kampuni moja kubwa mjini Dar es Salaam. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko ule waupatao vijana wengi wa Kigoma. Kila mwezi alituma fedha nyumbani. Mdogo wake wa kike akalipiwa shule, na mabati ya nyumba ya wazazi yakabadilishwa. Baada ya mwaka mmoja na nusu alirudi kwa basi, na begi lake moja. Hakufukuzwa. Aliandika mwenyewe barua ya kuacha kazi.

Baba yake ni mtu wa busara, hakumgombeza mbele ya watu. Lakini jioni walipokaa wawili alimwambia: "Mwanangu, mimi nilifanya kazi ya reli miaka thelathini na mmoja. Nilitukanwa, nikavumilia, na kwa uvumilivu huo wewe umesoma. Wewe umetukanwa mara ngapi hata ukashindwa?" Kijana akajibu: "Baba, unisamehe. Sikutukanwa hata mara moja."

Barazani maneno yakawa mengi. Wengine walisema vijana wa siku hizi hawana ustahimilivu. Wengine walisema wameharibiwa na simu zao, wakiona kila siku maisha ya watu wasiowajua wakadhani kazi ni starehe. Wengine walisema mzigo wa kazi aujuaye ni yule anayeubeba. Sisi hatukupenda kuhukumu kabla ya kusikia, tukamwita kijana mwenyewe, naye akatusimulia kwa utulivu.

Katika ghala lile walikuwa vijana saba. Kila mmoja alivaa shingoni kadi yenye namba, na mkuu wao aliwaita kwa namba hizo. Mikataba yao ilikuwa ya muda mfupi, ikirudiwa na kurudiwa pasipo mtu kuwaeleza sababu. Hayo yote aliyavumilia. Kisha siku moja hesabu ya mali ikaonekana pungufu. Vijana wote saba walijua kwamba mkuu mwenyewe alikuwa ameitoa mali ile bila hati, kwa ahadi ya kuandika baadaye. Lakini lawama ilimwangukia mmoja wao, aliyekuwa na miaka miwili kazini, akaachishwa kazi kwa kosa la uzembe. Siku ile hakuna aliyefungua kinywa. "Nami pia nilinyamaza," alituambia. "Usiku ule sikulala. Usiku wa pili nililala kidogo. Usiku wa tatu nililala vizuri, na hapo ndipo nilipoogopa. Niliona kwamba nikikaa mwaka mwingine nitazoea."

Basi hapa lipo swali ambalo si la mtaa mmoja tu. Je, mtu mwenye wadogo wanaomtegemea ana ruhusa ya kuacha mshahara kwa ajili ya heshima na dhamiri yake? Na vijana wetu wanaposema kwamba katika kazi wanatafuta kitu zaidi ya fedha, je, wanasema kwa kiburi au kwa haki?

Kwanza tusizidharau fedha. Ni rahisi kwa mtu aliyeshiba kumhubiria mwenye njaa juu ya heshima. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira wa haki sharti utoshe kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi. Akaongeza kwamba mapatano ambayo maskini ameyakubali kwa kulazimishwa na shida hayawi haki kwa sababu tu aliyakubali. Mtume Yakobo naye atuonya kwamba ujira uliozuiliwa kwa hila hulia, na kilio hicho humfikia Mungu. Kwa hiyo mwajiri yeyote asitumie maneno yetu ya leo kama kisingizio, akasema: "Nawapa heshima, basi mshahara na ungoje." Heshima bila ujira wa haki ni maneno matupu.

Walakini tumesikia vijana wengi wakizungumza baada ya Misa, bandarini na kwenye mabasi, na tumeona kwamba, mshahara ukiisha kutajwa, yako mambo mengine wanayoyarudia. Wanataka kuambiwa ukweli tangu siku ya kwanza: kazi ni ipi, mkataba ni wa muda gani, na mtu hupandaje cheo. Wanataka kufundishwa na waliowatangulia, wala si kuachwa wakosee kisha wachekwe. Wanataka wakisema jambo lisikilizwe, hata kama halitakubaliwa. Wanataka kupata saa za kukaa na watu wao, kuzika wafu wao na kusali Dominika. Na walio bora miongoni mwao wanataka kufanya kazi mahali ambapo hawatalazimishwa kusema uongo.

Tukiyatazama mambo hayo moja moja, hatuoni lililo la anasa. Hata sheria ya nchi imekwisha kuyagusa mengi kati yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Yaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa juma, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Yampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Tena yasema kwamba mtu akiachishwa kazi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa ya haki na kwamba utaratibu wa haki ulifuatwa. Kijana anayeuliza habari za mambo hayo hamvunjii mkubwa wake heshima. Anauliza kile ambacho Bunge limekwisha kumpa.

Lakini wazee wetu husema: "Sisi hatukuuliza hayo." Hapo, kwa heshima yote, twaona kwamba wazee wamesahau. Na hasa sisi watu wa Kigoma hatuna ruhusa ya kusahau, maana nchi hii inajua kuliko nyingi maana ya kuitwa kwa namba.

Neno manamba lilitoka wapi? Lilitokana na namba. Wakati wa utawala wa Waingereza nchi ya Waha ilikuwa ghala la watu wa kazi. Chama cha wenye mashamba ya mkonge kiliunda mwaka 1944 ofisi ya kuandika wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la Silabu, na maelfu ya vijana wa Kasulu, Kibondo na Kigoma waliandikwa, wakapakiwa kwenye garimoshi, wakapelekwa Morogoro na Tanga. Kijana aliyeondoka kwao akiitwa kwa jina la babu yake alifika shambani akiwa namba. Alipewa kipande chenye nafasi za siku 30, na mpaka nafasi zote zitiwe alama ndipo mwezi wake uhesabiwe kuwa umekwisha. Wengi walirudi na nguo mbili na blanketi. Wengine hawakurudi. Bibi zetu walijua uzito wa neno lile. Mtoto alipoitwa manamba lilikuwa tusi.

Reli yenyewe, iliyofika Kigoma mwaka 1914 chini ya Wajerumani, ilileta kazi na elimu kwa wengi, nasi hatuwezi kukana wema huo. Hata hivyo kwa miaka mingi vyeo vyake viligawanywa kwa rangi: Wazungu juu, Wahindi katikati, Waafrika chini, hata kama Mwafrika aliijua mashine kuliko aliyemsimamia. Je, babu zetu walivumilia tu? Sivyo. Mwaka 1947 mgomo ulianza bandarini Dar es Salaam ukaenea kuelekea bara kwa njia ya reli. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wa Tanganyika, wakiwa katika chama chao, waligoma kwa majuma mengi. Walidai nyongeza, ndiyo. Lakini walidai pia kuhesabiwa kuwa watu wenye akili na haki ya kupanda.

Hata baada ya Uhuru jambo hilo halikwisha. Mwaka 1970 serikali iliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, ili wafanyakazi wawe na mahali pa kusema. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo wake, ambao katika ibara ya 15 ulikataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliyashika maneno hayo kama mtu ashikavyo fimbo. Katika miaka ile viwanda vingi viliona migomo, na mara nyingi sababu haikuwa fedha bali wakuu waliowadharau watu. Waliogoma hawakuwa vijana walioharibiwa na simu. Simu hizo hazikuwapo. Walikuwa baba na babu za hawa wa leo.

Kwa hiyo tusiseme kwamba kimezuka kizazi kigeni chenye madai mageni. Dai ni lile lile lililosafiri kwa garimoshi na manamba. Na tukirudi kwa mzee yule wa Rusimbi, twadhani kwamba yeye mwenyewe, akikaa peke yake, atakiri. Alitukanwa miaka thelathini na mmoja akavumilia ili mwanawe asome. Uvumilivu wa namna hiyo ni sadaka, nasi twauheshimu kama tuheshimuvyo sadaka yoyote ya mzazi. Lakini alimsomesha mwanawe kwa nini? Je, ni ili naye atukanwe miaka thelathini na mmoja? Mzazi aliyebeba mzigo wa matusi hautaki mzigo huo uwe urithi wa nyumba yake.

Mafundisho ya Mama Kanisa katika jambo hili ni wazi. Papa Yohane wa Ishirini na Tatu, katika waraka Mater et Magistra wa mwaka 1961, alifundisha kwamba haitoshi mali igawanywe kwa haki. Ikiwa utaratibu wenyewe wa kazi unamwondolea mtu hadhi yake, unadhoofisha uwajibikaji wake na kumnyima nafasi ya kutenda kwa akili yake, basi utaratibu huo si wa haki, hata kama unaleta utajiri mwingi. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alieleza kwamba thamani ya kazi haipimwi kwanza kwa kitu kinachotengenezwa, bali kwa sababu anayeifanya ni mtu. Kazi iko kwa ajili ya mtu, wala mtu hakuumbwa kwa ajili ya kazi. Na Baba Mtakatifu wetu wa sasa, alipochaguliwa mwaka 2025, alijichagulia jina la Leo akimkumbuka yule Leo wa Kumi na Tatu, kwa kuwa aliona kwamba mashine mpya zenye kuiga akili ya mtu zinaleta tena swali la zamani juu ya hadhi ya mfanyakazi.

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni maneno ya Roma, mbali na ziwa letu. Basi na aende Kibirizi au Katonga alfajiri, mitumbwi ya dagaa inaporudi. Katika mtumbwi kuna mkubwa na mdogo, kuna mwenye chombo na mwenye mikono mitupu, wala hakuna anayedhani kwamba wote ni sawa kwa cheo. Amri ya nahodha hufuatwa mara moja, maana upepo wa Tanganyika haungoji majadiliano. Lakini kila mmoja aliuona wavu ukiinuliwa. Kila mmoja anajua ni kiasi gani kimepatikana, mafuta yamekula kiasi gani, na fungu lake ni lipi. Mtoto wa miaka kumi na minane aliyeingia chomboni mwezi uliopita huitwa kwa jina lake, na mzee anayejua kusoma nyota na mawingu humfundisha, kwa kuwa maisha ya mzee nayo yamo mikononi mwa mtoto. Wavuvi si malaika. Ugomvi wa mafungu upo, na wenye vyombo wadhalimu wapo. Hata hivyo anayedhulumiwa huko hujua kwamba amedhulumiwa, maana alikuwapo.

Kampuni kubwa haiwezi kuwa mtumbwi, nasi twajua. Mwenye watu elfu tano hawezi kuwajua wote kwa majina, na namba ya kadi si dhambi. Yasaidia hesabu ya mishahara isipotee. Dhambi huanza pale ambapo aliye karibu, anayeweza kujua jina, hataki kulijua. Pale ambapo wavu unainuliwa gizani, na wale walioushika hawaambiwi kilichomo mpaka lawama itafutiwe mtu. Ukubwa wa kampuni si udhuru. Kampuni ya watu elfu tano imegawanyika katika maghala, ofisi na vituo vya watu saba, kumi au ishirini, na kila mahali pa namna hiyo pana mkuu mmoja awezaye kuwa mwadilifu leo hii pasipo kungoja barua kutoka makao makuu.

Waajiri nao wana neno lao, na haki yataka tulisikilize. Wanasema vijana huja kazini wakiwa wamechelewa, hutazama simu saa za kazi, na huita onyo lolote kuwa ni uonevu. Wanasema wamegharimia mafunzo ya kijana miezi sita, kisha akaondoka kwa ajili ya shilingi chache zaidi ng'ambo ya barabara. Malalamiko hayo si ya uongo. Kijana anayedai aheshimiwe sharti akumbuke kwamba heshima ya kwanza katika kazi ni kuifanya vema. Kuonywa kwa haki si kudharauliwa. Msimamizi anayekurudishia kazi mbovu uirudie huenda ndiye aliyekuheshimu kuliko wote, maana aliamini kwamba unaweza kufanya iliyo bora. Mahali pa kazi si nyumbani kwa mama, wala anayetaka raha tu asijifiche nyuma ya neno hadhi.

Wako waajiri wengine wasemao: "Asiyependa na aende, wako kumi mlangoni wanaingoja nafasi yake." Hilo twalikataa kabisa. Ni kweli kwamba kazi ni chache na vijana ni wengi. Lakini uchache wa kazi hauishushi thamani ya mtu, kama vile wingi wa wagonjwa usivyoipunguza thamani ya uhai. Na mwajiri anayesema hivyo ajiangalie, maana mwenye kutawala kwa hofu ya mlango huzungukwa na watu wanaonyamaza. Watanyamaza wakuu wanapoiba, watanyamaza mashine inapoonyesha dalili ya kuharibika, watanyamaza moto unapoanza kufuka. Ghala lile la Dar es Salaam lilikuwa na macho saba yaliyoona na vinywa saba vilivyofungwa. Mwenye kampuni alipoteza mali, akapoteza mfanyakazi asiye na kosa, na mwizi akabaki na ufunguo.

Sasa tumgeukie kijana wetu, maana hatukumwita ili tumsifu tu. Tulimwuliza swali moja: "Mwenzako aliyefukuzwa yuko wapi?" Akainama. Alisema hajui. Tangu siku ile hakumpigia simu, kwa kuwa aliona haya.

Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya wazee na vijana, nayo si ile inayotajwa barazani. Madai ni yale yale, lakini babu walidai pamoja, na wajukuu huondoka mmoja mmoja. Wale wa mwaka 1960 waliacha kazi kwa majuma mengi, njaa ikaingia majumbani mwao, lakini walikusudia kurudi kazini, na kuirudisha ikiwa kazi bora kwao na kwa watakaokuja baadaye. Kijana wa leo huandika barua yake kimya kimya, hufunga begi, hupanda basi. Dhamiri yake amejiokolea, lakini ubaya ameuacha palepale, umekaa kitini, unamngoja kijana mwingine wa Kasulu au wa Singida atakayepewa kadi ile ile na namba ile ile.

Hatusemi kwamba alikosa kuondoka. Mtu anayeona kwamba anaanza kuuzoea uongo ana haki ya kuukimbia, kama mtu akimbiavyo nyumba inayoungua. Na fedha za mabati na za shule, ingawa ni njema, hazinunui roho. Hilo ndilo jibu letu kwa swali la kwanza. Lakini anayetoka katika nyumba inayoungua, akijua kwamba ndani yumo mwenzake, hajamaliza wajibu wake kwa kutoka. Heshima ya mfanyakazi si mali ya mtu mmoja ya kubebwa begini. Ni kama kisima cha mtaa: ukikiona kimechafuliwa huendi tu kuteka kwingine, ukawaacha watoto wa jirani wanywe.

Tukamweleza kwamba kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyowekwa kwa ajili ya mashauri ya namna hiyo. Sheria yataka lalamiko la kuachishwa kazi lifikishwe huko ndani ya siku 30. Siku hizo zilikuwa zimekwisha kupita. Naye aliyechelewa sharti aombe kibali kwa kueleza sababu nzuri, na Tume yaweza kukubali au kukataa. Hivyo ndivyo ukimya unavyofanya kazi: hauui kwa upanga, hula siku za mtu moja moja mpaka haki yake inapita. Kila mmoja wa wale sita angaliweza siku ile kuandika mistari michache ya kweli. Tena wangaliweza kuingia katika chama cha wafanyakazi, ambacho sheria yawaruhusu, ili anayesema asiwe peke yake. Mtu mmoja akisema huonekana mkaidi. Sita wakisema ni ushahidi.

Kwa wazazi twasema: mtoto akirudi nyumbani bila kazi msimpokee kwa dhihaka kabla hamjajua alichokikimbia. Mwulizeni. Ikiwa alikimbia jasho, mrudisheni kwa upole kwenye jasho. Ikiwa alikimbia uongo, mpeni chakula na mahali pa kulala, kisha mwulizeni kama yuko mwenzake aliyeachwa nyuma.

Kwa waajiri Wakristo, na kwa wakuu wadogo wa maghala, maofisi na karakana, ambao mara nyingi ni vijana wetu wa jana, twatoa maswali matatu ya kujiuliza usiku kabla ya kulala. Je, nawajua kwa majina wale ninaowaamuru kila siku? Je, aliye mdogo kuliko wote kwangu aweza kuniambia kwamba nimekosa, na kesho akaja kazini bila hofu? Je, leo kuna kosa langu lililobebwa na mtu mwingine? Anayeweza kujibu vema maswali hayo hatahitaji kuuliza vijana wanapenda nini kazini. Watabaki kwake.

Na haya yatuhusu sana sasa. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, chenye urefu wa kilomita 506, ulitiwa sahihi Desemba 2022. Reli ile ya kwanza iliwachukua vijana wa nchi hii wakiwa namba. Kazi zitokanazo na hii ya pili zitawachukuaje? Jibu halimo katika chuma wala katika zege. Limo katika namna wasimamizi watakavyowaita watu, na katika namna watu watakavyosimama pamoja mmoja wao anapoonewa.

Mtakatifu Yosefu, ambaye Papa Pio wa Kumi na Mbili alimwekea mwaka 1955 sikukuu ya Mfanyakazi tarehe 1 Mei, hakuacha neno hata moja lililoandikwa katika Injili. Lakini kunyamaza kwake hakukuwa kwa woga. Alipoambiwa usiku kwamba Mtoto yuko hatarini, aliondoka usiku ule ule, wala hakuondoka peke yake. Aliwachukua wale aliokabidhiwa.

Juma lililopita kijana wetu wa Rusimbi alikuja tena ofisini kwetu. Alikuwa amempata mwenzake kwa simu, akamwomba radhi. Alikuja kuomba msaada wa kuandika kwa utaratibu yale aliyoyaona ghalani, akiweka jina lake kamili chini ya karatasi. Baba yake alikuja pamoja naye, akaketi kando asiseme neno mpaka barua ilipokwisha. Kisha akaiomba, akaisoma polepole tangu mwanzo hata mwisho, akamrudishia mwanawe, akasema: "Tia sahihi." Kama Tume itakubali kusikiliza shauri lile hatujui. Barua imekwenda.